"Nilimuaga, sikumuomba ruhusa": historia ya swali la "uko wapi?"

Wasomaji wa safu hii wamezoea kuniona nikigombana na maneno. Leo nina kesi. Si ya mahakamani, ni ya barazani, Ziwa la Ng'ombe, nyumbani kwa dada yangu. Kila nikifika pale likizoni huwa sipati usingizi wa mchana kwa ajili ya watu wenye mashauri. Eti kwa kuwa nimesoma sana, lazima niyajue na ya ndoa. Mke wangu husikia hayo akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Waliokuja safari hii ni wapangaji wa dada, mke na mume, watu wa miaka thelathini na kitu. Mume, tulivyojua sisi, ni dereva wa tuktuk kati ya Kongowea na Bombolulu. Mke hufua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya ufuo wa Bamburi, na kila baada ya wiki moja huingia zamu ya usiku. Miaka miwili nyuma walikubaliana kila mmoja awe anaona kwenye simu mahali alipo mwenziwe, usiku na mchana. Sababu ilikuwa njema. Mke hutoka kazini saa ambazo barabara ni ya mbwa, na tuktuk nayo usiku hubeba abiria usiowajua. Mwaka wa kwanza ulipita salama. Kisha nukta ya mume ikapotea kwenye ramani. Kwanza bando limekwisha, kisha simu inakula chaji, kisha ikawa kimya tu. Nukta ya mke ikaendelea kuwaka, na mume akaendelea kuitazama. Siku moja mke alipitia kwa shangazi yake Mshomoroni baada ya zamu. Alipigiwa simu kabla hajavua viatu, na maneno aliyoambiwa nitayarudia baadaye.

"Ami," mume akajitetea, "yeye mwenyewe alikubali nimuone. Tena mke wa mtu hutoka kwa ruhusa."

Mke hakupandisha sauti. "Ami, mimi nilimuaga. Sikumuomba ruhusa."

Nimefundisha isimu ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini. Sijapata mwanafunzi aliyevitenganisha vitenzi viwili kwa usafi kama huo, na hasa akiwa hajalala usiku kucha.

Ruhusa, neno tulilolipata kwa Waarabu, ina ngazi mbili: wa juu hutoa, wa chini huomba. Huwezi kumpa ruhusa mtu ambaye hukuwa na uwezo wa kumnyima. Kuaga hakuna ngazi. Mgeni humuaga mwenyeji, mwenyeji humuaga mgeni, mtoto humuaga mzee, na mzee akiwa na adabu humuaga mtoto. Anayeaga ameshaamua kwenda. Anachokupa ni habari, na pamoja na habari heshima. Sasa litie tendo hilo kiambishi cha kutendana upate kuagana. Kamusi za zamani na za sasa hukubaliana kwamba kuagana ni kupeana kwaheri, na pia ni kupatana, kuwekeana ahadi. Humo ndimo lilimotoka agano. Mababu waliona kuwa watu wawili wanaoambiana wanakokwenda, tayari wana mkataba baina yao.

Lakini tusiwapambe mababu kupita kiasi. Historia ya swali la "uko wapi?" katika ndoa za pwani ni ya upande mmoja kwa muda mrefu sana. Chukua Utendi wa Mwana Kupona, ambao bibi huyo, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake mnamo 1858. Miongoni mwa nasaha zake ni kwamba mke asitoke bila ya idhini ya mumewe, na akishaipata asikawie, wala asisimame njiani kupiga soga. Wataalamu wenzangu wamebishana miaka mingi kama utendi ule ni wa utiifu au ni wa werevu uliojificha ndani ya utiifu. Mimi huelemea upande wa pili, lakini si hoja ya leo. Kwa shauri letu inatosha kwamba mahali alipo mke palikuwa pa kujulikana. Mahali alipo mume hapakuwa na ubeti.

Na mume yu wapi? Baharini. Mabaharia wa Mombasa na Lamu waliondoka kwa kusi kwenda Arabuni, wakarudi kwa kaskazi miezi mingi baadaye. Mke aliyebaki alikuwa na ramani yake: upepo. Alijua ukigeuka, majahazi yataanza kuonekana. Kati ya pepo mbili hizo hakujua lolote ila kwa barua iliyobebwa na nahodha mwingine, au kwa uvumi wa bandarini, na uvumi una miguu mirefu kuliko barua. Wako ambao hawakurudi kabisa. Fikihi ya Kiislamu ina mlango mzima juu ya mafkudi, mume asiyejulikana alipo wala kama yu hai, na wanazuoni walitofautiana mke angoje muda gani kabla ya kadhi kumfungua. Watu wa mwambao hawakuhitaji kukisoma mlango huo kwa ajili ya mtihani. Walikuwa na majirani waliokaa ndani yake.

Kulikuwa pia na watu ambao mahali pao palijulikana bila wao kuulizwa. Ziwa la Ng'ombe ni jirani wa Frere Town, kijiji ambacho wamisheni wa Kianglikana walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani, na mtaa wa Kengeleni unaitwa kwa kengele yao. Mtumwa hakuaga, wala hakuagwa. Mke wake angeweza kuuzwa kusini na mume kaskazini, na hakuna aliyewajibika kumwambia mmoja alipo mwingine. Utumwa ulikosa nguvu za kisheria katika mwambao huu mwaka 1907. Haikupita miaka mingi serikali ya kikoloni ikaleta chombo kingine cha kumjua mtu alipo. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Ndiyo iliyozaa kipande, karatasi ndani ya kikasha cha chuma ambacho mwanamume wa Kiafrika alitembea nacho shingoni. Kipande kilisema umeajiriwa na nani, tangu lini, na kama umeachiliwa kwa saini. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Kiliendelea kuwachoma wanaume roho mpaka miaka ya arobaini.

Naona ajabu kwamba wajukuu wa wanaume wale, waliochukia kuvishwa kengele na bwana mkubwa, hawaoni tabu kumvisha mke kengele ya namna hiyo na kuiita mapenzi. Labda nimekuwa mkali. Nitarudi.

Sisi tuliozaliwa bara hii ya kaskazini ya Mombasa tulikulia kati ya daraja mbili. Ya kwanza, ile ya kuelea ya Nyali, ilifunguliwa 1931. Ya sasa ilifunguliwa 1980. Baba yangu alivuka ile ya zamani kwenda bandarini Kilindini, na mama alijua yuko kazini kwa sababu moja tu: hayuko nyumbani. Zamu ikirefushwa aliagiza salamu kwa mtu anayevuka. "Mwambieni Bi. mkubwa nitachelewa." Mtu huyo alipitia kwanza kahawani, kwa hivyo baba mara nyingi alifika kabla ya salamu zake. Mama hakumuuliza alikuwa wapi. Alimuuliza kama amekula. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipong'amua kwamba lile pia lilikuwa swali la "ulikuwa wapi?"

Simu ya waya ilipokuja madukani haikubadilisha mengi. Ukipiga simu ya waya wajua inalia wapi: iko juu ya meza, katika ofisi fulani. Usichojua ni nani ataipokea, ndiyo maana watu waliuliza, "Naongea na nani?" Simu ya mkononi iligeuza jambo hilo chini juu. Sasa wajua ni nani, usichojua ni wapi. Mwanafalsafa wa Kiitaliano, Maurizio Ferraris, aliandika kitabu kizima juu ya falsafa ya simu hiyo mwaka 2005, na jina lake, ukilitia katika Kiswahili, ni "Uko wapi?" Abiria yeyote wa matatu ya Kisauni angeweza kumsaidia kukiandika. Amesikia mara ngapi mtu akisema "niko Buxton, nafika" na ilhali gari halijaondoka Bamburi? "Niko njiani" katika Kiswahili cha Kenya imeshakuwa na maana ya "bado sijaoga".

Mwaka 2000 ndio wa kuukumbuka. Mnamo Agosti kampuni ya KenCell ilianza biashara nchini, na Oktoba ikafuata Safaricom. Simu ikaanza safari yake kutoka kiunoni mwa tajiri hadi mkononi mwa muuza mahamri. Miezi michache kabla, tarehe 1 Mei, Rais Bill Clinton wa Marekani alitangaza jambo ambalo huku kwetu halikutajwa hata na kasuku. Mfumo wa setilaiti wa Jipiesi, uliojengwa na jeshi lao, ulikuwa ukiwapa raia vipimo vilivyoharibiwa kwa makusudi ili adui asiutumie vizuri. Kuanzia usiku ule uharibifu ukaondolewa. Kosa la kiasi cha mita mia moja likashuka hadi mita kumi au ishirini. Tayari mwaka 1983, Warusi walipoitungua ndege ya Korea iliyopotea njia, watu 269 wakafa, Rais Ronald Reagan alikuwa ameahidi kuwa mfumo huo utafunguliwa kwa raia wa dunia nzima. Kwa hivyo nukta ya buluu iliyogombanisha watu wa Ziwa la Ng'ombe ina mizizi katika bahari ya Sakhalin.

Na hapa nisahihishe dhana moja niliyoisikia pale pale barazani. Setilaiti haimwoni mume wako. Ziko zaidi ya ishirini, kilomita kama elfu ishirini juu yetu, na kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo zenyewe, basi. Simu ndiyo inayosikiliza nne au zaidi, ikapiga hesabu na kujua ilipo. Isipotumwa kusema, habari hiyo haiendi popote. Anayesema ni programu uliyoiruhusu, kupitia bando lako mwenyewe. Google ilijaribu huduma ya namna hiyo, Latitude, kuanzia Februari 2009, ikaifunga Agosti 2013, kisha ikairudisha ndani ya ramani zake Machi 2017. Oktoba ya mwaka huo huo WhatsApp nayo ikaleta ya kwake. Iko tofauti ndogo kati yao ambayo mimi, mtu wa maneno, naiona kubwa. Katika ramani za Google unaweza kumwachia mtu akuone mpaka utakapozima mwenyewe. WhatsApp hukupa dakika kumi na tano, saa moja au saa nane, kisha mlango unajifunga. Ya kwanza inafanana na ruhusa ya kudumu. Ya pili ni kuaga: nakwenda, niangalie mpaka nifike, kisha basi.

Kabla ya nukta hizo, wenye wivu hawakukosa zana. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, ujumbe wa kutoa pesa umekuwa na jina la wakala. Nyumba ngapi zimewaka moto kwa sababu mume aliyesema yuko Changamwe alitoa shilingi elfu mbili kwa wakala wa Mtwapa!

Turudi Mshomoroni, maana mke bado hajavua viatu. Aliloulizwa kwenye simu lilikuwa, "Unafanya nini gesti?" Nukta yake ilikuwa imeangukia jengo la pili, lenye vyumba vya kulala wageni. Yeye alikuwa sebuleni kwa shangazi yake, anapewa uji.

Na hapa sarufi yetu ina la kusema kuliko mainjinia. Lugha nyingi kubwa humtosheleza muulizaji kwa "yuko hapo." Kiswahili kina njia tatu. Yuko: upande fulani, hapajabainika. Yupo: mahali hasa, panapojulikana. Yumo: ndani. Mwanafunzi wa kigeni hulia machozi juu ya ko, po na mo, na mtoto wa Ziwa la Ng'ombe hukosei hata akiwa na miaka minne: baba yuko Kongowea, yupo dukani, yumo ndani analala. Simu ya mkono wa kawaida, mahali pa wazi, hukosea mita kama tano. Chini ya mabati, kati ya nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, haizioni setilaiti vizuri, ikaanza kubahatisha kwa minara na kwa intaneti ya majirani, na kosa likakua. Katika mitaa yetu, ambako nyumba moja ya Kiswahili ina vyumba sita na kila chumba kina familia yake, mita kumi ni koo tatu. Nukta inaweza kusema yuko. Siku ya bahati itasema yupo. Yumo haiijui, na wivu wote wa dunia umo ndani ya yumo.

Mume aliisoma ko akaifanya mo. Nilimwambia hivyo hivyo, akanitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa kitabu.

Dada yangu aliuliza la maana zaidi: sheria yasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na kifungu cha 45 chasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na wakati wa kuivunja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini iwe wazi, ya hiari, ya jambo maalumu, itolewe na mtu anayeelewa, na aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote. Maneno mazuri. Lakini sheria hiyo hiyo inayaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake. Ni kama polisi aliyefika mlangoni akavua kofia akarudi. Kumtilia mwenzio programu ya siri kwenye simu ni jambo jingine. Kuingia katika chombo cha mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018. Lile walilokubaliana wawili wakiwa macho, hukumu yake imeachiwa baraza.

Na mabaraza yana uzito kuliko tunavyodhani. Januari 2024 wanawake kwa maelfu waliandamana Nairobi, Mombasa na miji mingine juu ya kuuawa kwa wenzao, wengi wao kwa mikono ya waume na wapenzi. Sikusema hayo barazani, lakini nilikuwa nayo kichwani nilipomsikia mwanamume akisema "nilimuona" kwa sauti ile. Mume huyu sijapata kusikia ameinua mkono. Bado.

Isije ikadhaniwa naichukia nukta. Siku hizi mabaharia wetu ni wanawake. Mtaani pale pale wapo waume wanaolea watoto huku wake zao wakifanya kazi za nyumbani Saudia, na jambo la kwanza wanaloomba akishatua ni, "Tutumie lokesheni." Mke akinyang'anywa simu kesho, angalau nyumbani wanajua ni mji gani na mtaa gani. Yule mke wa nahodha angetoa mkufu wake kwa habari kama hiyo. Binti yetu nasi alitutilia kitu hicho kwenye simu. Mke wangu aliizima baada ya wiki moja, akasema haimwambii jipya: naonekana chuoni asubuhi, chuoni jioni.

Kiswahili kina neno kwa kitu unachokabidhiwa ukitunze bila ya kukifanya chako: amana. Ni ndugu wa amini, imani na amani, wote wa shina moja la Kiarabu. Aliyeitumia vibaya twasema amekula amana. Mke yule alimpa mumewe amana, njia zake za usiku, ili akichelewa atafutwe. Mume akaifanya rungu la kumwitia shaurini. Nilipomweleza hivyo aliinamisha kichwa, na nikadhani nimeshinda. Maprofesa huwa tunadhani hivyo.

Basi nikamuuliza tena, sasa kwa upole: yeye nukta yake aliizimia nini? Mke alikuwa na jibu lake tayari, na lilikuwa na nguo za kike. Mume akakaa kimya kwa muda mrefu, kahawa ikapoa.

Tuktuk ilikuwa imechukuliwa na mwenyewe kwa sababu ya malimbikizo ya hesabu. Miezi mitatu. Tangu hapo alikuwa akibeba magunia ya vitunguu soko la Kongowea. Dereva wa tuktuk, nukta yake huzunguka. Yake ingeonekana imesimama sokoni kutwa, siku baada ya siku, na mke angeuliza.

"Ungeniaga," mke alisema. Hakusema jingine.

Wamekubaliana wiki za zamu ya usiku mke atume ile ya saa nane, ijifunge yenyewe asubuhi. Mume hakuiwasha tena ya kwake, na mke hakuiomba. Dada ananiambia siku hizi alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, humsikia akibisha kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe, mke akiwa ndiyo kwanza analala, akisema kwa sauti ya chini, "Mama watoto, nakwenda Kongowea. Leo ni viazi."